Pazia la Kona ya Kukatia

"Mama Chiriku, pamba tunalima wenyewe, vidole kumi tunavyo, cherehani tunazo. Mbona mashati ya watoto wetu yanatoka ng'ambo?"

Jirani yangu, muuza nyanya, aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo. Mimi niliishia darasa la saba, nikamjibu kwamba labda ni mtaji. Jibu lililokuwa mlangoni kwangu nililipata mwaka uliofuata, na hadi leo namshukuru Mungu kwamba sikuchelewa zaidi.

Tulikuwa washonaji sita katika chumba kimoja cha kupanga, kila mmoja na cherehani yake. Kila asubuhi tulifagia, tukatia cherehani mafuta, tukaomba, kisha tukamsubiri wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Bila yeye hakuna aliyeshona, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyejua kukata. Alikuwa ametundika pazia kwenye kona. Akiingia humo na kitambaa, tulisikia mkasi tu, kacha, kacha, kisha anatoka na kola, mikono na migongo, vyote tayari. Ukijaribu kuchungulia, anakohoa.

"Ninyi shoneni tu," alikuwa akisema. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Mtu mmoja pekee aliruhusiwa nyuma ya pazia, binti yangu wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Akitoka shule alimshikia shangazi yake kitambaa, na shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, akamfundisha vipimo vyote. Lakini alimwapisha asimwambie mtu, hata mama yake. Basi mtoto huyo, aliyeweza kukusimulia hata ndoto za paka, alilinyamazia jambo hilo mwaka mzima. Mimi nilidhani anaokota vipande tu.

Mwaka huo mwalimu mkuu wa shule ya mtaani kwetu alikubali kutupa kazi ya mashati sitini ya sare. Alituletea kitambaa kilichotosha kabisa, bila hata shubiri ya ziada.

"Ijumaa mchana niyaone," alisema. "Yasipokuwa tayari, nitachukua ya yule mfanyabiashara wa mashati ya ng'ambo kama kila mwaka. Watoto hawawezi kukaa vifua wazi wakitusubiri sisi."

Jumanne, tukiwa tumemaliza ishirini, wifi aliteleza bombani akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Jumatano asubuhi tulikaa tukikitazama kitambaa kilichobaki.

"Tujaribu tu," alisema mdogo wetu, mshonaji mwenye umri mdogo kuliko sote.

"Ujaribu kwa kitambaa cha nani?" mwenzake akamdaka. "Ukikosea, utakiunga kwa uji?"

Tulicheka, lakini kile kicheko kilikuwa karibu na kilio. Kazi hiyo ikitutoka, nani angetupa nyingine?

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Chiriku alikuwapo. Niliona midomo inamcheza. Ghafla akatoka mbio, nami nikamfuata hadi kwa shangazi yake. Tulimkuta wifi ameegemea mto, mkono umefungwa plasta.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuomba ruhusa niwafundishe kukata."

"Marahaba." Wifi alinitazama, akaona mshangao wangu, akajua kwamba siri yake ilikuwa haijatoka. Akamgeukia mtoto. "Uliniapia."

"Ndiyo maana nimekuja kuomba kwanza. Mimi peke yangu siwezi kukata arobaini. Mkasi wenyewe mzito."

"Na wakishajua wote, kesho nani atanihitaji? Sina mume, sina mtoto. Nina mkasi tu."

Nilitaka kuingilia, nikajizuia. Neno hilo lilikuwa lao wawili.

"Shangazi," Chiriku alisema polepole, "leo tunakuhitaji, na wewe umelala hapa. Watu sita wamekaa bure."

Wifi aligeukia ukuta. Kisha akasema bila kugeuka, "Nisaidieni kuvaa viatu."

Alipoingia chumbani kwetu alilishika pazia kwa mkono wa kushoto, akalivuta mara moja. Misumari ikadondoka.

"Uliovunjika ni mkono," alisema. "Mdomo ni mzima."

Akaketi kitini, akaanza. Yeye alitaja vipimo, Chiriku alichora kwa chaki, sisi tukakata huku roho mkononi.

"Acha nafasi ya pindo, mtoto anakua huyo! Na wewe, unakata kola au unanyoa mbuzi?"

Kufikia Alhamisi wanne kati yetu walikuwa wakikata sawasawa, na mdogo wetu alikata kwa wepesi kumpita hata wifi mwenyewe. Niliogopa wifi ataona wivu. Alisogeza kiti chake, akamwambia, "Sasa njoo unionyeshe ulivyogeuza hapo begani."

Ijumaa mfanyabiashara alifika kabla ya mwalimu mkuu, ameshika shati lake la mfano.

"Poleni. Nimesikia fundi wenu ameumia," alisema. "Nimekuja kuwatua mzigo." Akajivutia kiti.

Mwalimu mkuu alipoingia, tulimwonyesha mashati sitini yaliyopigwa pasi. Alichukua moja, akauvuta mshono wa bega kwa nguvu. Haukulegea.

"Nilisikia mkataji wenu ni mmoja, naye ameumia. Nani amekata?"

"Sisi sote," tulijibu.

Alitikisa kichwa kwa furaha. "Nawafundisha watoto kwamba nchi kama yetu zinakwenda polepole kwa sababu ya mtaji mdogo, barabara mbovu, na kuuza pamba ili tununue shati. Ni kweli. Leo nimeona sababu nyingine ikiondolewa."

Wifi akamshika Chiriku bega. "Sababu hiyo ni mimi, mwalimu. Ujuzi ukifichwa na mtu mmoja, akianguka unaanguka naye, na wenzake wanabaki na mikono mitupu. Ukigawiwa, unazaa. Asante, mwanangu. Hukuvunja kiapo, wala hukuacha kazi ife."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa mtoto na kwa wifi pia, maana kukiri mbele ya watu si kazi ndogo.

Kule kitini, mfanyabiashara alilitazama shati lake. Akauvuta mshono wa bega, kama alivyofanya mwalimu. Ukafumuka. Akalikunja, akalitia mfukoni, akatoka.