Vidole vya Huzaifa

Marikiti saa nne asubuhi: mapapai yaliyopasuka yanatiririsha maji njiani na nzi wako harusini. Huzaifa, muuza mafuta mazuri wa Mji wa Kale, alipita kanzu kaiinua kwa vidole viwili, leso puani, akijilaani kwa kuja kununua malimau mwenyewe. Ndipo alipomwona mwanamke kachuchumaa mbele ya hamali aitwaye Chengo, kaushika mguu wake, anakwangua katikati ya vidole. Magamba meupe yenye unyevu yaliangukia karatasi nyeusi. Kisha mwanamke akainua uso, na Huzaifa akasahau malimau.

"Kaka, umenizibia mwangaza."

"Dada, huoni kinyaa?"

"Kinyaa nawaonea wanaoziba pua mbele za wenzao."

Chengo alicheka. Huzaifa akaishusha leso. Mwanamke alivaa buibui, mikono ya nguo kaikunja juu ya glavu, na ushungi wa zambarau uliompendeza hata pale penye uozo.

Jina lake Swabaha, na namba ya simu alimpa. Kazi yake, alimweleza kwa simu jioni ya pili, ni kuotesha fangasi za ngozi, alizokwangua kwa watu kama Chengo, katika sahani za maabara, kisha kuzidondoshea dawa mpya zilizotengenezwa na wakemia, aone ipi yaua.

"Katika kumi na tisa, mbili tu ndizo zaua."

"Na hizo sahani wazilaza wapi?"

"Kitandani, ubavuni mwangu."

"Swabaha, nala."

"Kula, kipenzi. Leo moja imeota manyoya."

Huzaifa alisukuma sahani ya biriani kando, na akampenda zaidi. Baada ya miezi mitatu Swabaha akamwita nyumbani ajulikane kwa mama yake, Bi Maisara.

Viatu vilipangwa mlangoni, kama kila nyumba. Huzaifa alisimama hapo jasho likimtoka. Mtu huyu msafi alitawadha mara tano kwa siku na kuvaa soksi juu ya vidole vibichi kwa maji, na tangu mwezi uliopita vidole hivyo vilikuwa vikichubuka na kunuka. Kwa aibu akavimiminia mafuta ya asumini kila alfajiri. Vikazidi kuoza.

"Pita ndani, mwanangu," alisema Bi Maisara.

"Samahani, mama. Nina haraka. Nitasimama papa hapa."

Bi Maisara alitazama sakafu yake, kisha viatu vya ngozi visivyovuka kizingiti. Halua na kahawa vilibaki kwenye sinia.

Jioni Swabaha alipiga simu. "Umeionea kinyaa nyumba yetu."

"Wallahi sivyo."

"Basi vipi?"

Huzaifa alitazama vidole vyake, akavifunika kwa kanzu.

"Usinipigie tena," akasema Swabaha.

Siku kumi na moja Huzaifa alinusa mafuta yake yote na yote yakamtia kichefuchefu. Ya kumi na mbili akaenda maabara kwa Swabaha. Sahani zilijaa ukungu wenye manyoya, meupe na ya njano, na chumba kilinuka godoro lililolowa. Hakuziba pua. Akaketi, akavua soksi.

Swabaha aliushika mguu. "Umepaka nini?"

"Asumini."

Akaanza kukwangua.

"Waona kinyaa?" aliuliza Huzaifa.

"Naona. Si kwa vidole. Mamangu alishinda akisugua sakafu iliyokuwa safi."

Huzaifa alijichukia mpaka machozi. "Nipake ile dawa yako mpya."

"Ile bado ni ya sahani, haijaruhusiwa kwa mtu. Utanunua ya duka la dawa, na utakausha vidole. Magamba yako nitayaotesha, nijaribie dawa zangu."

"Nataka kukuoa, Swabaha."

"Usiniambie mimi." Akavua glavu, akabonyeza simu, akaiweka mezani ikiita.

"Mama, ni Huzaifa. Sikuvua viatu kwa sababu vidole vyangu vyanuka. Niliona haya. Nakuomba radhi, na ruhusa ya kuleta wazee."



"Vyanuka vipi?" aliuliza Bi Maisara.

"Kama samaki wa jana aliyetiwa asumini."

Swabaha aliuma midomo asicheke.

"Wazee waje Ijumaa," sauti ikasema. "Nawe uje pekupeku. Toka dukani kwako mpaka kwangu, watu wakuone."

Huzaifa aliifikiria njia: maji ya mitaro, matumbo ya samaki, mavi ya paka. Mate ya kichefuchefu yakamjaa kinywani, akayameza.

"Nitakuja, mama," akasema.