Jiko Lililopakwa Polishi

Kila Ijumaa jioni, watoto wa mtaa wa kina Zimkhitha huko Mdantsane, Afrika Kusini, hupiga magoti barazani na kusugua sakafu kwa polishi nyekundu. Baraza lisilong'aa ni aibu ya nyumba nzima. Zimkhitha alikuwa amemaliza lao, magoti yakimuuma, na bado jiko la gesi la kuchomea nyama lilimngoja uani.

"Toa sinia la kuchomea na trei ya mafuta uvioshe, uzibue matundu ya moto kwa sindano," mama yake, Nomvuzo, alikuwa amemwagiza. "Kisha paka mpira wa gesi maji ya sabuni. Ukiona mapovu, ujue inavuja."

Mama alikuwa ametoka kufanya usafi hospitalini, zamu mbili kwa siku, wiki nzima. Alijitupa kitandani na viatu vyake miguuni.

Zimkhitha alilitazama jiko. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye sinia na masizi yameziba matundu. Alichoka hata kabla ya kuanza. Kopo la polishi lilikuwa bado mkononi, basi akapaka kifuniko, akapaka miguu na mpira wa gesi, akasugua mpaka jiko zima likang'aa.

"Umemaliza lote?" Mama aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Lote, Mama."

Asubuhi walilibeba mpaka uwanja wa mpira, ambako Mama huuza soseji za kuchoma kila Jumamosi. Fundi baiskeli wa pale, Mzukisi, ambaye wote humwita Tata, yaani baba, alipiga mluzi.

"Hili jiko, au baraza la mchungaji?"

"Kazi ya mwanangu hiyo," Mama alisema, akimshika Zimkhitha begani. "Jana nimelala kama mtu na mimi."

Wiki nzima Mama hakuwa ametabasamu hivyo. Zimkhitha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama alifungua gesi, akainama. "Mbona kuna harufu?"

"Si polishi hiyo!" alisema Tata Mzukisi, akicheka.

Mama naye akacheka, akatoa njiti ya kiberiti. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na sinia.

"Mama, usiwashe!" Zimkhitha alipiga kelele. "Sikusafisha! Mpira sikuupima! Nilipaka polishi tu!"

Tata Mzukisi aliruka, akafunga mtungi. Waliacha gesi itawanyike, kisha fundi akafungua mtungi kidogo tu na kupaka maji ya sabuni pale mpira ulipoungana na mtungi. Mapovu yalifura moja baada ya jingine. Alifunga tena mtungi, akakaza kibano kwa bisibisi, akapima upya. Safari hii hakukuwa na povu hata moja.

Mama alikuwa ameketi juu ya kreti. Zimkhitha alisugua polishi yote kwa sabuni, akaosha sinia na trei, akazibua tundu moja moja, huku wateja wakinung'unika na kuondoka. Hatimaye moto uliwaka, wa buluu, umetulia.

"Nisamehe, Mama."

"Hata nguvu za kukugombeza sina," Mama alisema. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema umechoka, leo tungekaa nyumbani tule mkate mkavu. Lakini uliniambia, 'Lote, Mama.' Nimeinamisha uso wangu hapa kwa sababu ya neno lako hilo moja."