Karakana Isiyoajiri Wavutaji

Kornelio anaishi Mbagala, katika chumba kimoja cha kupanga. Ni fundi wa kuchonga. Baba yake alikuwa mchongaji huko Newala, na babu yake pia. Kornelio huchonga miiko ya kupikia, mipini na maua ya milango. Kazi huifanyia uani, peke yake.

Mke wake, Rosalia, alifariki miaka miwili iliyopita. Wakati wa msiba watu walijaa mpaka barazani. Msiba ulipoisha, kila mtu alirudi kwake. Si kosa lao, watu wana mambo yao. Lakini Kornelio alibaki na chumba kimya. Alikuwa mpweke sana, na hakujua amwambie nani.

Kila siku alivuta sigara kumi. Hakununua pakiti. Alinunua moja, akaivuta, kisha akarudi kununua nyingine. Mara kumi kwa siku alikwenda dukani kwa Fakihi. Kila mara Fakihi alimwambia, "Karibu, fundi." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa tangu asubuhi.

Jumatatu moja Bi Tunu, mwenye nyumba, alikuja uani. Bi Tunu ni Mzaramo wa hapo hapo, na mdomo wake haujui likizo.

"Shikamoo, Bi Tunu," alisema Kornelio.

"Marahaba. Nina habari yako. Buguruni kuna karakana ya milango, wanatafuta mchongaji. Mafundi wako saba, wanakula sinia moja. Nenda, usije ukaota ukungu hapa uani kwangu."

Kornelio aliweka patasi chini. Watu saba! Sinia moja! Moyo wake ulifurahi.

"Ila kuna neno," Bi Tunu aliendelea. "Mwenye karakana anaitwa Mwishehe. Haajiri mvuta sigara. Kabandika mpaka kibao."

"Hata anayevutia kwake?"

"Hata anayevutia chooni kwake."

Kornelio alifikiri. Hakufikiri mshahara. Alifikiri lile sinia.

"Basi nitasema sivuti."

Bi Tunu alicheka. "Na shati lako litasema nini? Linanuka kama jiko la kuni. Lete nilifukize."

Watu wa pwani hufukiza nguo kwa udi, hasa siku ya harusi. Bi Tunu alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akalitandaza shati juu ya tenga. Moshi mtamu ukapanda. Kwao Newala Kornelio hakuzoea mambo hayo. Hakujua kiasi. Alileta na suruali. Akaleta na soksi! Asubuhi iliyofuata akatafuna karafuu tano, akaenda Buguruni.

Mwishehe alimnusa kabla ya kumwona vizuri.

"Jamani, leo tumeletewa bwana harusi!" alisema. Mafundi wakaangua kicheko. Kisha Mwishehe akauliza, "Unavuta sigara, mzee wangu?"

"Sivuti, bosi."

Alipewa ubao wa mninga achonge ua, waone mkono wake. Alichonga tangu saa mbili. Fundi mkubwa wa pale, Mashaka, alikuja kutazama.

"Huyu anajua," Mashaka aliwaambia wenzake. "Sie hapa tunakwaruza tu."

Saa saba sinia lililetwa. Ugali, dagaa na tembele. "Sogea hapa, Mmakonde," Mashaka alimwita, "usije ukala vidole vyetu." Kornelio alicheka. Alicheka mpaka akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Saa tisa mambo yaliharibika. Tangu asubuhi hakuwa amevuta. Jasho lilimtoka na kichwa kikauma. Mikono ikaanza kutetemeka. Patasi iliteleza, ikakata ua katikati.

Mwishehe alikimbia, akamshika mkono aone kama ameumia. Hakuumia. Lakini Mwishehe aliviona vidole. Vilikuwa vya njano kwa moshi wa miaka mingi.

"Udi umefika kwenye shati," alisema taratibu. "Kwenye vidole haukufika."

Kornelio aliinamisha kichwa.

"Mwaka jana fundi mmoja alitupa kipisi cha sigara kwenye maranda," Mwishehe alisema. "Hapa tuna tina, tuna vanishi, vyote vinashika moto upesi. Milango miwili iliungua, na mwenzetu akaungua mguu. Naye aliniambiaga hivyo hivyo, kwamba havuti. Siwezi tena, mzee wangu. Nenda salama."

Kornelio alikusanya patasi zake. Mafundi waligeukia kazi zao. Hata Mashaka aliinamia randa yake.

Siku tatu Kornelio hakutoka uani ila kwenda kwa Fakihi. Sasa alivuta sigara kumi na tano. Aliona uchungu mkubwa. Alijiambia, "Navuta kwa sababu niko peke yangu. Na niko peke yangu kwa sababu navuta."

Chumba cha pili yake, nyumba hiyo hiyo, alipanga Lusungu, muuguzi wa zahanati. Ukuta ni mwembamba, na alisikia jinsi Kornelio anavyokohoa. Jumamosi alikuja na chupa ya chai.

"Shikamoo, baba. Nimesikia ya Buguruni. Bi Tunu kashawaambia wote mpaka kwa muuza mkaa."

"Marahaba, mwanangu." Kornelio alitabasamu kidogo, kisha akauliza lile lililomkera. "Hivi yule bwana ana haki kweli? Mie nikivutia kwangu, yeye inamhusu nini?"

Lusungu alimimina chai kabla ya kujibu.

"Tutenganishe mambo mawili. Kukataza sigara kazini kwake, hapo ana haki kabisa. Kuna tina, kuna maranda, na moshi unaumiza hata mapafu ya wasiovuta. Kumkataa mtu kwa anachofanya nyumbani, hilo ni jambo lingine. Sheria ya kazi inakataza kumbagua mwombaji kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu au ukimwi. Uvutaji mie sijauona kwenye orodha hiyo. Lakini mie muuguzi, si mwanasheria. Ofisi ya kazi ndio watakupa jibu kamili."

"Na wewe unaonaje?"

"Mie sikubaliani naye. Leo atakataa mvutaji, kesho mnene, keshokutwa mwenye presha. Na mtu aliyeshikwa na sigara anahitaji msaada, si kufungiwa mlango. Ila na wewe, baba, ulikosea. Ulipodanganya ulimpa sababu ya kukukataa. Njia ya mwongo ni fupi."

Maneno hayo yalimchoma Kornelio, lakini yalikuwa kweli.

"Sasa ile mikono kutetemeka ni nini? Niliona kama nimerogwa."

"Hujarogwa. Kwenye tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Mwili ukikizoea, ukikikosa unagoma. Siku tatu nne za mwanzo ndizo mbaya. Baada ya wiki chache unatulia."

"Nilitaka nihamie ugoro. Wanasema hauna moshi."

"Hauna moshi, ila ni tumbaku hiyo hiyo. Utakuwa umehama chumba, nyumba ile ile." Lusungu akamtazama. "Nikuulize kitu. Kwa nini hununui pakiti?"

Kornelio aliweka kikombe chini. Kisha akasema ukweli. "Nikinunua pakiti, sina sababu ya kwenda kwa Fakihi. Na yule ndiye ananiambia karibu."

Lusungu aliona machozi yanamlengalenga. Yeye naye alitazama pembeni. Waliishi ukuta mmoja mwaka mzima, na hakuwahi kubisha hodi.

"Basi nenda kwa Fakihi mara kumi," alisema hatimaye. "Ila usinunue sigara. Nenda kamsalimie tu. Hamu ikija, kunywa maji, shika patasi, subiri dakika tano, kumi. Hamu huja na kupita. Na jioni njoo kwangu, uniambie siku imekwendaje. Hata ukivuta, njoo uniambie."

Kornelio alianza kesho yake. Msomaji, usidhani ilikuwa rahisi. Siku ya pili aligombana na mpini wa jembe. Siku ya tatu hakulala vizuri. Jioni zilikuwa ndefu kuliko zamani, maana sigara ilikuwa imezijaza, na sasa hapakuwa na kitu. Alimkumbuka Rosalia. Kwa Fakihi alikwenda, akasimama kaunta akizungumza habari za mvua na bei ya sukari. Fakihi alimshangaa, lakini alimsogezea kreti la soda akalie.

Siku ya tisa alivuta moja. Aliona aibu, karibu asiende kwa Lusungu. Alikwenda.

"Moja katika siku tisa," alisema Lusungu. "Zamani zingekuwa tisini. Kesho endelea."

Wiki ya tatu Kornelio alirudi Buguruni. Safari hii shati lilinuka sabuni tu. Mwishehe alikuwa anapaka mlango vanishi, na mafundi wote walikuwapo.

"Bosi, nimekuja kusema kweli," Kornelio alianza. "Nilikudanganya. Nilikuwa navuta sigara kumi kwa siku. Wiki tatu sasa ninaacha. Katikati nilivuta moja. Kwamba sitavuta tena maishani, hilo siwezi kukuapia. Kwamba sitavuta hapa, naapa. Ukinikuta na kiberiti ndani ya geti hili, nifukuze siku hiyo hiyo."

Mwishehe aliweka brashi chini. "Mzee wangu, sheria ni sheria. Mafundi wangu wote saba hawavuti. Nikikuchukua wewe, nitawaambia nini hawa?"

Kisha randa ya Mashaka ikasimama.

"Mie navuta," alisema Mashaka.

Mwishehe aligeuka. "Unasemaje?"

"Navuta, bosi. Miaka yote sita niliyokaa hapa. Hapa sijawahi, nakuapia. Nyumbani kwangu, kila jioni, nafunga na dirisha. Hata mke wangu nimemkataza asiseme. Niliogopa ungenifukuza. Siku ile ulipomtoa huyu mzee, nilishindwa kumtazama usoni. Kosa lake na langu ni moja. Yeye alitoka, mie nikabaki."

Mwishehe alikaa juu ya mbao. Mashaka alikuwa mkono wake wa kulia. Ndiye aliyezima ule moto wa mwaka jana.

"Miaka sita," alisema. "Kumbe kile kibao hakikuzuia mtu kuvuta. Kilinizuia mie kujua."

Aliinuka. Kisha akaenda getini, akang'oa kibao kilichosema *Hatuajiri Wavutaji*. Alikigeuza nyuma, akachukua brashi, akaandika: *Sigara Haivutwi Humu Ndani*. Akaweka na ndoo mbili za mchanga karibu na maranda, kitu ambacho alipaswa kukifanya tangu zamani.

"Anayevuta humu atatoka, hata awe nani," aliwaambia wote. "Ya nyumbani kwake ni yake. Na anayetaka kuacha aniambie, nitampa ruhusa aende zahanati." Akamgeukia Kornelio. "Mninga uko pale, mzee wangu. Ua lako bado limevunjika."

Hivyo ndivyo Kornelio alivyopata kazi. Hamu ya sigara bado humjia, hasa Jumapili, siku ambayo karakana imefungwa na chumba kinakuwa kimya kama mwanzo.

Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, mtu alipiga hodi. Alikuwa Mashaka, kavaa shati safi, mikono haijui ikae wapi.

"Leo ni siku yangu ya kwanza bila sigara," alisema. "Nyumbani nimegombana na kila mtu. Nikasema nije tushinde wote."

"Karibu, karibu ndani," alisema Kornelio.

Kisha akatazama chumba chake. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Kwa miaka miwili hakuhitaji cha pili. Alitoka mbio mpaka mlangoni kwa Bi Tunu.

"Bi Tunu, niazime kigoda."

"Cha nini asubuhi yote hii?"

"Nina mgeni," alisema Kornelio.