Gumba la Tibila

Haya yalimkuta rafiki yangu Raogo, fundi wa kupaka rangi fremu za baiskeli kuukuu pale mjini Koudougou, ambako kila fundi hubonyeza gumba lake kwenye rangi mbichi chini ya fremu, ndiyo sahihi yake.

Mama Pogbi alimletea baiskeli ya marehemu mumewe. Ilikuwa na alama ya gumba lenye kovu: la Tibila, fundi aliyekwisha kufa ambaye mji mzima bado unamsifu.

“Paka kote, mwanangu, ila hapo usipaguse. Mkono kama ule haupo tena. Wako bado una pupa.”

“Sawa, mama,” Raogo akajibu, wivu ukimkereketa.

Alipobaki peke yake aliipiga msasa alama ile mpaka chuma kikang'aa. Akapaka rangi, akabonyeza gumba lake, akajifungia ndani ya karakana vumbi lisiingie.

Mle gizani akasikia msasa ukikwaruza chuma, taratibu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Akafungua mlango. Alama yake ilikuwa na kovu.

Akaifuta kwa kitambaa, akapaka upya, akalitazama gumba lake juani: laini, halina hata mkwaruzo. Akalibonyeza tena.

Likaacha kovu.