Wish Siyo Hope

"Dada, soma mwenyewe! Chuma anataka kunioa!"

Fundi cherehani alimsukumia dada yake simu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Dada mtu, mwalimu wa Kiingereza, akausoma ujumbe wa Chuma, mchomelea mageti ambaye ni mpenzi wa mdogo wake kwa miaka miwili sasa. Chuma, neno likimlemea, hukimbilia Kiingereza.

"I wish I could marry you."

Uso ukamshuka mwalimu.

"Mdogo wangu, hapa hakuna ndoa."

"Kwani wish siyo kutamani?"

"Ni kutamani. Ila hope unatamani kitu ambacho huenda kikaja. Wish, hivi alivyoiandika, unatamani kitu ambacho umeshajiambia hakiwezekani. Huyu anakuaga."

Fundi akampigia Chuma simu. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

"Sasa mbona unaniaga kwa lugha ya watu?"

Chuma akajibu kwa sauti nzito:

"Nimechukua majibu hospitali. Daktari anasema sitapata mtoto maishani. Na mama yako anavyosubiri wajukuu... Tafuta mwingine, mpenzi."

Akakata.

Fundi alitoka mbio na kandambili zake. Alimkuta karakana, kajifunika kinyago cha kuchomelea, na moto hata haujawashwa.

"Vua hicho nikuone."

Akavua. Macho yalikuwa mekundu.

"Uliniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Basi hukunihurumia, Chuma. Uliniamulia. Nimelia njia nzima, na nitalia tena, maana watoto niliwataka. Lakini niliwataka wawe wako. Wa mwingine nitawapeleka wapi?"

"Na mama yako?"

"Twende tukamwambie sasa hivi, kabla na mimi sijaingiwa na woga."

Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wawili wakakaa sebuleni kama washtakiwa, wameshikana mikono.

Alipotoka, macho yalikuwa yamemvimba. Akamtazama Chuma.

"Mkwe wangu," akasema, "wazee wako watakuja lini?"

Chuma akajifuta macho kwa kiganja.

"Jumamosi, mama," fundi akamjibia.