Hili la Kwetu Dogo

"Usisukume! Hyasinta, toa mkono, utaharibu!"

Hyasinta alirudisha mkono haraka kama mtoto aliyeshikwa akidokoa mboga. Tangu waoane, mumewe Onesphory hakuwahi kusimama jikoni ila kuuliza kama chakula kimeiva. Jumapili hii kajifunga kanga ya mkewe kiunoni, analinda jagi la kioo utadhani ndani yake kuna mahari ya mtu.

"Nisisukume kwa nini? Si ndiyo kazi ya hicho kijiti?"

"Kahawa haijatulia. Ukisukuma sasa hivi utakunywa tope. Subiri dakika nne."

"Mie nasukumaga hapo hapo, na tui linatoka zito."

"Ndiyo maana lilikuwa linanuka nazi. Nimeliosha mpaka mikono imechubuka!"

Wakacheka wote wawili. Wenye kulijua wanaliita frenchi presi, jagi la kupikia kahawa lenye kijiti cha kusukumia chujio. Hyasinta alipewa kwenye kitchen party yake na Ritha, shoga yake wa tangu utotoni huko Mbinga. Wamekulia kwenye mashamba ya kahawa, lakini kwao kahawa ilikuwa ya kuchuma na kuuza, nyumbani walikunywa chai. Sasa Hyasinta alipoliona lile jagi na chujio lake la waya, akajua moja kwa moja hiki ni chombo cha kukamulia nazi. Na wali wake, mtaa mzima wa Sikukuu unaujua.

"Kahawa yake inasagwa chenga chenga," Onesphory aliendelea, mwalimu kabisa. "Ukisaga unga inapenya kwenye chujio. Maji yakichemka uyaache yapumue kidogo, la sivyo yanaiunguza. Halafu unasukuma taratibu, bila pupa."

"Makubwa! Kakufundisha nani wewe, mtu wa chai ya rangi?"

"Mtandaoni."

Akasukuma, akamimina.

"Sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu."

Hyasinta alionja, akafumba macho. Ilikuwa tamu kweli, nzito bila uchungu. Lakini si kahawa iliyomjaza moyo. Ni kupikiwa. Alijisikia mke anayependwa, na hilo hakuwa amelisikia siku nyingi.

"Niongeze, mume wangu."

"Imeisha. Hili la kwetu dogo, vikombe viwili tu basi."

Kikombe kikabaki hewani.

"La kwetu dogo? Kubwa liko wapi?"

"Eeh? Dukani. Si yamejaa Kariakoo hapa?"

Akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Hyasinta akakiweka kikombe chini. Lakini jamani, Mswahili hasemi cha kwetu kidogo mpaka awe amekitumia cha wenzake.

Kesho yake, kwenye meza yake ya kuuzia vitenge, ndipo sauti ya Ritha ilipomrudia, vile alivyoshika maiki siku ile ya kitchen party mbele ya kina mama wote: "Shoga yangu, nimenunua mawili! Dogo lako, kubwa langu, maana kwangu Upanga wageni hawaishi!"

Mkasi ukamkata kidole. Mteja akauliza, "Dada, vipi?" Akajibu, "Poa tu," huku damu inachuruzika kwenye kitambaa.

Hakutaka kuamini. Mume akipotea, mtu analia kwa shoga yake. Shoga akiwa ndiye, analia kwa nani? Siku nzima aliomba awe ni mwanamke mwenye wivu wa kijinga, acheke, maisha yaendelee. Jioni akashika simu, akamwandikia Ritha.

"Shoga, Jumapili njoo home. Onesi siku hizi anapika kahawa, hutaamini."

Jibu lilichelewa, na kwa kawaida Ritha hachelewi.

"Hahaha! Onesphory na kahawa wapi na wapi? Haya, nakuja."

Jumapili Ritha akafika na bajaji kutoka misa, amependeza, ananukia. Wakakumbatiana. Hyasinta akamshika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akijiambia huenda ndiyo mara ya mwisho.

"Shem, mambo?"

"Poa, shem. Karibu."

Wala hawakutazamana. Onesphory akachemsha maji, akayaacha yapumue, akamimina, akasubiri. Hyasinta alikaa kwenye stuli, mikono mapajani. Kazi yake leo ilikuwa kutazama tu.

"Mke wangu, sukari vijiko vingapi vile?"

"Nitaweka mwenyewe."

Onesphory akahamia kikombe cha mgeni. Bakuli la sukari hakuligusa. Alifungua kopo la iliki, akachota kidogo kwa ncha za vidole, akatia, akakoroga, akampa Ritha. Ritha akapokea, akapiga funda. Wote wawili hawakugundua kitu.

"Ritha, hiyo haina sukari."

"Aa, mimi si..." Akakatiza.

"Wewe hutumii sukari, unaweka iliki. Mimi najua, mimi ni shoga yako. Yeye kajuaje?"

Nje kipaza sauti cha muuza sufuria kilikuwa kinarudia bei ile ile.

"Onesphory, mimi mkeo umeniuliza. Mgeni hukumuuliza."

"Mke wangu, nimekisia tu..."

"Na lile la kwetu dogo, ulikisia? Kubwa liko Upanga, kwenye kabati la Ritha. Ndiko ulikosomea ualimu wako wa kahawa."

"Hyasi, ngoja nikueleze..."

"Tangu lini?"

Aliyejibu ni Ritha.

"Tangu Pasaka."

Pasaka! Pasaka hiyo hiyo Hyasinta alikuwa amelazwa, mimba imetoka, na Ritha ndiye aliyekuwa anamletea uji asubuhi. Alitaka kupiga kelele majirani wajae. Badala yake akanyoosha kidole mlangoni.

"Ritha, nyanyuka uende."

Ritha akanyanyuka. Onesphory akapiga magoti.

"Shetani tu, mke wangu. Nipe nafasi moja."

"Shetani mwache, hana hata kikombe humu ndani. Nafasi nitakupa. Nijibu moja tu: nakunywa sukari vijiko vingapi?"

Onesphory alikitazama kikombe cha mkewe, kama jibu limeandikwa humo.

"Viwili."

"Vitatu." Sauti ilitoka mlangoni. Ritha alikuwa ameshika kitasa, machozi yanamdondoka. "Vitatu, Onesphory. Tangu tuko darasa la tatu. Ukimpunguzia anasema umemnyima."

Hapo ndipo Hyasinta aliyekuwa amejikaza alipovunjika. Mume asiyemjua, kumfukuza ni rahisi. Huyu mwingine alimjua mpaka kijiko, na bado akamfanyia hivi.

"Tokeni," alisema akilia. "Wote wawili, tokeni kwangu."

Wakatoka. Ritha alishika njia ya Mnazi Mmoja bila kugeuka, Onesphory akabaki kibarazani kwa muda, kisha naye akaondoka.

Hyasinta alimwaga masimbi ya kahawa, akaliosha jagi. Akavuta mbuzi, akakaa, akakuna nazi huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Meseji mbili zikaingia kwenye simu.

Ya kwanza ya Onesphory: "Nirudi usiku tuongee?"

Akajibu: "Nguo zako utazikuta kwa mama mwenye nyumba. Jagi nabaki nalo, nina nazi."

Ya pili ya Ritha. Hakuifungua, wala hakuifuta. Alijaza nazi kwenye jagi, akamimina maji ya uvuguvugu, akasukuma hapo hapo bila kusubiri kitu kitulie. Tui lilitoka zito kama siku zote, ila lilikuwa linanukia kahawa.