Moyo wa Dorothy Hauna Ugonjwa

"Kilian, umefunga geti?"

"Nimefunga, mke wangu."

"Na kufuli? Kwa nje?"

"Sasa ungetoka ukaanguka barabarani, nani angekuokota? Tulia ndani. Saa saba nakuletea chakula."

"Lakini nilikwambia leo nakwenda sokoni kununua nyuzi!"

"Nyuzi nitanunua mimi. Andika rangi, nitumie."

Simu ikakatika. Dorothy akabaki amesimama katikati ya ua wa nyumba yao, Mbinga mjini, mkono mmoja kwenye bati la geti. Ndipo ikaanza.

Ilianzia vidoleni kama kawaida. Ganzi. Kisha midomo ikachezacheza, kifua kikabana kana kwamba mtu amemfunga kanga mbichi na anaikaza. Moyo ukaenda mbio. Jasho la baridi likamtoka mgongoni na miguu ikawa kama si yake.

"Nakufa," akasema kwa sauti. "Leo nakufa, na geti limefungwa."

Akaketi chini kwenye sementi, akavua ndala, akakanyaga kwa nyayo zote mbili. Akajilazimisha kukumbuka maneno ya Daktari Mariana: usipigane nayo. Vuta pumzi kidogo, itoe taratibu, iwe ndefu kuliko ile uliyovuta. Hesabu.

Moja, mbili, tatu. Ikamponyoka. Akaanza upya. Moja, mbili, tatu, nne. Kuku wa jirani akalia. Tano. Sita.

Baada ya dakika kama kumi vidole vikaanza kurudi. Alikuwa hajafa. Alikuwa amelowa tu, amechoka kama aliyetoka kulima.

Hali hii ilimwanzia miezi minane nyuma, kwenye kibanda chake cha kushonea pale sokoni. Alianguka juu ya cherehani mbele ya wateja. Wengine walisema mapepo, wengine mimba. Kilian, mumewe wa ndoa ya miaka miwili, fundi pikipiki, alifunga gereji siku hiyo akambeba hadi hospitali. Wakampima damu, presha, hadi moyo wenyewe.

"Moyo wa mkeo hauna ugonjwa," Daktari Mariana alimwambia Kilian. "Hii ni hofu. Mwili unapiga kengele wakati hakuna moto. Inatisha, lakini haiui. Asiache kazi, asijifungie. Akijifungia itakua."

"Na kipimo kikiwa kimekosea?" Kilian aliuliza.

"Tumerudia mara mbili."

Kilian aliitikia kwa kichwa. Lakini wiki hiyo hiyo alikwenda sokoni, akabeba cherehani ya Dorothy, akarudisha ufunguo wa kibanda. Akamkataza kwenda kuchota maji mtoni, akamkataza kwaya. Jioni akawa anachukua simu ya mkewe, "ili upumzike." Na kwa kuwa alimwosha miguu, akampikia uji na kumfunika shuka, Dorothy alikosa neno la kulalamikia. Utamshtaki vipi mtu anayekupenda?

Simu ikaita tena. Alikuwa mama yake, Bibi Edina, kutoka Kihagara, kule ziwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje, mwanangu? Leo nimeona nikupigie mchana, maana jioni hupokei."

"Naendelea vizuri, mama. Mbona hata kuja kuniona huji?"

"Dorothy, si wewe uliyeniandikia nisije?"

"Mimi?"

"Mara mbili! Nilishafunga mzigo. Ukaandika, 'Mama usije, nikiona watu nazidiwa.' Nikalia, nikafungua mzigo."

Dorothy akajishika ukutani.

"Nisomee, mama. Nisomee ulivyoandikiwa."

Mama akasoma polepole, neno kwa neno. Ujumbe ulitumwa saa moja na nusu usiku. Saa ambayo simu huwa mkononi mwa Kilian.

Kilian aliporudi saa saba na wali wake kwenye hotipoti, alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amevaa viatu.

"Ulimwandikia mama yangu."

Hotipoti ikabaki mkononi.

"Kilian, ulimwandikia mama yangu asije, kwa jina langu, ukafuta."

"Angekuchosha. Angelia, na wewe ungelia, moyo ungekwenda mbio..."

"Na wateja wangu? Wao nao uliwaandikia?"

Kilian akaiweka hotipoti mezani.

"Uliwaandikia nini?"

"Kwamba umeacha kushona."

Dorothy akacheka, cheko lisilo na furaha.

"Nilidhani wamenisahau. Miezi minane nalala nikijiuliza nimewakosea nini watu, hata salamu hakuna."

"Nakulinda, Dorothy!"

"Unanizika. Unanizika mzima, kisha unaniletea wali kaburini."

Akainuka, akachukua mkoba aliokwisha kuufunga. Kilian akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kihagara."

"Peke yako? Zile kona zote za kushuka ziwani? Ukifia njiani je?"

"Basi nitakuwa nimefia njiani. Nipishe."

Kwa muda mrefu hakusogea. Dorothy alisikia vidole vyake vikianza ganzi. Hakuketi safari hii.

"Nipishe, mume wangu."

Akampisha.

Gari lilipoanza kuteremka milima ya Umatengo, kifua kilibana mara moja, kikaachia, kikabana tena kwa nguvu. Ulimi ukakauka. Alitaka kupiga kelele gari lisimame, akimbilie mashamba ya kahawa, popote palipo wazi. Mama mmoja mnene aliyeketi kando yake akamgeukia.

"Binti, unatetemeka. Nimwambie dereva asimame?"

Dorothy akabana chupa ya maji ya baridi kati ya viganja.

"Hapana, mama. Ni hofu tu. Huja, halafu huondoka. Niache nihesabu."

"Haya. Hesabu, na mimi nitahesabu na wewe."

Wakahesabu wote wawili, mama yule kwa sauti, bila aibu, kona baada ya kona, mpaka ziwa likaonekana chini.

Kihagara alikaa siku tatu. Alimenya mihogo, akaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja pamoja na mama yake. Shambulio lilimjia mara moja kanisani; akatoka nje, akakanyaga mchanga, akarudi kwenye benchi kabla ya mahubiri kwisha. Kilian alipiga simu mara ishirini na tatu. Kisha akatuma ujumbe mmoja: "Nisamehe. Niambie tu kama uko hai."

Dorothy akajibu: "Niko hai."

Siku ya nne pikipiki ikasimama uani. Kilian alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Bibi Edina akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye chanja. "Baba, mfungwa hata akilishwa wali kila siku ni mfungwa. Nimemaliza. Mkeo yuko ufukweni."

Alimkuta Dorothy ameketi kwenye jiwe. Akakaa mbali kidogo, kama mgeni.

"Nilikuwa na dada," akasema. "Flavia."

"Aliyefariki ukiwa shule. Uliniambia ni malaria."

"Si malaria. Tulikuwa tunatoka shambani, kule kijijini Mbuji. Akasema, 'Kilian, moyo unakwenda mbio, tupumzike.' Nikamcheka. Nikamwambia acha uvivu, beba kuni." Akatazama maji. "Hakufika nyumbani. Ulipoanguka pale sokoni, ukasema maneno yale yale. Yale yale, Dorothy. Tangu siku hiyo naamka usiku kukusikiliza kama unapumua."

Dorothy alimtazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba nilimuua dada yangu?"

"Hukumuua. Ulikuwa mtoto. Lakini mimi si Flavia. Na ulichonifanyia kiliniumiza kuliko ugonjwa."

"Najua."

"Utawaandikia wote. Mama, wateja, kila mmoja. Useme ni wewe."

"Nitaandika."

"Na utakwenda kwa Daktari Mariana. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yako."

Kilian akafuta uso kwa kiganja.

"Nitakwenda. Turudi nyumbani?"

"Wewe rudi. Mimi nitakuja Jumamosi. Kwa gari, peke yangu."

"Naweza kupiga simu?"

"Piga. Mara moja."

Alipiga mara moja.

Jumamosi, stendi ya Mbinga, Dorothy alishuka na kikapu cha usipa na mkoba. Kilian alikuwa amesimama kando ya kibanda cha tiketi. Alitaka kukimbia, ilionekana magotini. Hakukimbia. Alimngoja mkewe atembee mwenyewe hadi alipo.

"Imekushika njiani?"

"Imenishika. Mara mbili."

"Ikawaje?"

Dorothy akamkabidhi kikapu, mkoba akabaki nao mwenyewe begani.

"Nimefika," akasema.